Mwanangu, huo wa honi uuache huko huko

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi huku wazima. Baba yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapigwa jua linatulia. Umeuliza kati ya ile michezo mitatu ya kubashiri maneno ubebe upi mkija Desemba, maana sanduku lina kilo zake. Lete Just One. Codenames binamu yako wa Dar anayo, atakuja nayo. Taboo uiache huko huko Leicester.

Najua mumeo atanuna, kwa sababu Taboo ndio mchezo wake. Nilipokuwa kwenu niliwaona mkiucheza na rafiki zenu, na sikatai, kwa watu wazima waliokulia lugha moja ni raha tupu. Kadi ina neno juu, chini yake maneno matano yasiyoruhusiwa kutajwa. Mchanga wa kupimia dakika moja unashuka, na mtu wa upande wa pili amekusimamia begani na kile kidude cha honi akisubiri uteleze. Watu wanaucheza tangu 1989 na hawajauchoka. Lakini mimi siku ile nilikuwa namwangalia Salma. Kiswahili mwanao anakisikia chote, kukitoa ndio kazi. Ilipofika zamu yake mkasema na tujaribu kwa Kiswahili, bibi naye apate. Akaishika kadi, akafungua mdomo, akasema "ni ile… ile…", honi ikalia. Akairudisha mezani kifudifudi, akaenda chumbani kutafuta soksi. Soksi alikuwa amevaa.

Ubaya wa honi ni huo. Tena Taboo kwa Kiswahili ina lake jingine ambalo waliotengeneza boksi hawakuwa na sababu ya kulifikiria: ngeli inakuchongea. Unataka watu wataje "kisu", ukisema tu "ni kikali" umeshawapa nusu ya jibu. Mjanja atakimbilia "ni kitu", akajificha humo na kila kadi, "ni kitu kirefu", "ni kitu kitamu", hadi watu wachoke. Na sheria yao inasema usitamke hata kipande cha neno lililokatazwa. Sasa likikatazwa "soma", umepoteza msomaji, masomo, kisomo, somesha, na baba yako hapo atasimamisha mchezo kwa nusu saa kuuliza kama somo wa unyago naye yumo. Unamjua.

Codenames siisemi vibaya. Unapanga maneno 25 mezani, manahodha wawili wanaangalia ramani yao ya siri, kila mmoja anatoa kidokezo cha neno moja na namba ya maneno ya mezani yanayohusika nacho, na wenzake wanayatafuta. Upande unaoanza una maneno tisa, wa pili manane, saba ni wapita njia tu, na moja ni la muuaji, ukilidonoa mmekwisha. Kule Ujerumani wana tuzo kubwa ya michezo ya mezani inaitwa Spiel des Jahres, wakaupa mwaka 2016, na sishangai. Ila ni mchezo wa nahodha. Nahodha anawaza, sisi tunamtazama anavyowaza, chai inafanya utando. Mchanga upo ndani ya boksi lakini kuutumia ni hiari, na kwetu nani atamgeuzia shangazi yako mchanga?

Yeye ndiye aliyetuletea kesi sikukuu ya Idi. Zamu yake ya unahodha akatangaza: "Zinapikwa, mbili." Binamu yako akagoma, eti hiyo ni sentensi nzima. Shangazi akamwambia ahesabu, ni neno moja, kama ana shida na Kiswahili akamshitaki aliyekiumba. Tangu hapo nyumba hii ina sheria: kitenzi kije kitupu, "pika", bila mtu wala wakati mbele yake. Sheria hiyo tutaihamishia kwenye Just One, kwa hiyo mwambie Salma mapema asije akaonewa.

Sasa huo nilioutaka. Mmoja anafumba macho, kadi inasimamishwa mbele yake kwenye kibao wenzake wakiiona yeye haioni. Kadi ina maneno matano, anataja namba, hilo ndilo neno la kubashiri. Kila mwingine anaandika kidokezo chake, neno moja, kimya, bila kuchungulia. Kisha wanaoneshana wao kwa wao kabla ya kumwonesha mbashiri, na vidokezo vilivyofanana vinafutwa vyote. Utamu wote uko hapo. Neno likiwa "bahari", mimi nitaandika "maji", baba yako "maji", wewe "maji", shangazi "maji", zote tunafuta tumeshika vichwa. Kinabaki alichoandika Salma, tuseme "chumvi", na mbashiri anakipata kwa hicho kimoja. Mtoto mwenye maneno machache hapa si mzigo, kwa sababu lile neno ambalo mtu mzima asingelifikiria ndilo linalopona. Akikosea tahajia hakuna anayehesabu. Na anao muda wa kulitafuta neno kichwani bila mtu begani.

Tena hakuna pande mbili. Wote mnacheza pamoja kadi 13, mnaona mmepata ngapi. Ukibashiri vibaya mnapoteza kadi hiyo na nyingine juu yake. Ukisema "nimeshindwa" mnapoteza hiyo moja tu. Kwa hiyo kukubali kushindwa ni nafuu kuliko kubahatisha, na wenzako wanaweza hata kukushukuru. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwenye vitendawili barazani kwa bibi yako, unakumbuka: ukishindwa hukufukuzwa, uliombwa mji. "Nenda Pangani", mtegaji akaenda kwa maneno, akala samaki wote wa Pangani, ndipo akatoa jibu. Mchezo huu ulitoka 2018, ukachukua tuzo ile ile ya Ujerumani 2019, lakini mimi kilichonishika ni hicho cha kushindwa bila aibu.

Boksi linasema wachezaji watatu hadi saba, umri kuanzia miaka minane. Sisi tutazidi. Bibi yako macho hayamsaidii tena, atakaa na shangazi kibao kimoja, mmoja asome mwingine awaze. Yule mtoto Idi hajajua kuandika vizuri, na miaka sita ni sita, yeye achore. Boksi halisemi hivyo, lakini boksi halitakuwepo barazani. Akichoka kuchora, Codenames ipo ya picha, haihitaji kusoma hata herufi. Ukiikuta kwa bei ya heri iweke, usipoikuta usihangaike.

Kuhusu lugha: kadi zao za Kiingereza msizifungue huku. Bibi yako hatapata raha, na Salma atajibanza humo humo kwenye Kiingereza kama kawaida. Za kwetu nimeanza kuzikata mwenyewe kwa manila, ukubwa wa kiganja, maneno matano kila kadi. Nimeweka mkonge, daladala, muhogo, kanga, mbu, reli, harusi, mapango ya Amboni. Nimeacha maneno makavu kama "maendeleo" na "uhusiano", baba yako aliyapenda lakini hayo ni ya kwenye warsha. Kidokezo Salma akikiandika Kiingereza mara moja moja tutampokea, mradi asitafsiri lile neno lenyewe. Hilo hata sheria ya boksi inalikataza. Kwa hiyo boksi unaninunulia kwa ajili ya vibao na kalamu zake za kufutika. Kama kuna kalamu za akiba lete, maana hapa kwetu watoto hawafuniki kalamu.

Limebaki la mumeo na Kiswahili chake cha Kisumu, na hilo nalisubiri kwa hamu kuliko yote. Neno likiwa "meli", baba yako lazima ataandika "stima" kama wazee wa bandarini, na mumeo akiwa ndiye mbashiri atataja umeme, kwani kwao stima ndiyo inayokatika usiku. Wasibishane nani kapotoka. Nimeshamwambia baba yako, nawe umwambie wako.

Jambo la mwisho, na hili usilisahau: kadi hizi naziandika mimi na baba yako ananisomea orodha, kwa hiyo sisi wawili tunajua kilichomo chote na hatufai kubashiri. Mumeo aandike kadi ishirini hivi huko huko, maneno matano kila moja, kwa Kiswahili chake hicho hicho, wewe usizione. Azitie kwenye bahasha na kuifunga gundi. Hizo ndizo tutakazobashiri mimi, wewe na baba yako. Na aandike kwa herufi kubwa, mwandiko wake naujua.

Wabusu wajukuu. Mkipata tarehe ya ndege nitumie niwaambie wa Dar.

Mama yako