Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Tranka la Nguo za Watoto

Tanga, Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkwe wangu na mjukuu wangu. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Ama baada ya salamu, nimeona nikuandikie kwa kirefu juu ya jambo ulilolitaja kwenye simu ukiwa na haraka ya kwenda kazini, kwamba nguo alizoziacha mtoto zimejaa mifuko ya salfeti chini ya kitanda, na kwamba kila unapotafuta kitu kimoja inakubidi umwage mifuko yote sakafuni. Kwa mimba iliyofikia hapo, kuinamainama huko hakunipendezi. Tena mdogo wake anatarajiwa mwezi wa Mei, na nguo hizo ndizo atakazovaa.

Wewe umekulia kwenye mlio wa cherehani, kwa hiyo unajua kwamba nguo nyingi za watoto wanazoniletea watu nizirekebishe hazikuchakaa kwa kuvaliwa, bali zimeharibikia kabatini. Hata hivyo hasara iliyo kubwa zaidi ni ile ya nguo nzima, safi, iliyokunjwa vizuri, inayokumbukwa mtoto akiwa ameshaipita. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na katika mwaka wake wa kwanza huongeza takriban sentimita 25, maana yake kipimo kimoja cha nguo humtosha miezi miwili au mitatu tu. Ukichelewa kufungua mfuko kwa mwezi na nusu, umekwisha kupoteza nusu ya manufaa yake. Ndiyo maana nakuomba usizipange nguo kwa aina, yaani fulana huku na suruali kule, wala kwa uzuri wake, bali kwa mwezi utakaozihitaji.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mjukuu wangu mkubwa alizaliwa Novemba, wakati Dodoma mvua zinakaribia na joto ni kali, kwa hiyo nguo zake za miezi mitatu ya mwanzo ni fulana nyepesi na kaptula. Masweta, soksi nene na suruali za flana alivaa akiwa na miezi sita hadi tisa, kwa sababu umri huo uliangukia Mei mpaka Agosti, baridi na upepo wa huko vikiwa vimepamba moto. Huyu mdogo atazaliwa Mei. Atakapokuwa mchanga kabisa, atahitaji joto ambalo fulana za kaka yake hazina, na atakapofikia kipimo cha yale masweta itakuwa Novemba hadi Februari, mtu mzima anatafuta kivuli. Baridi ya mwaka utakaofuata itamkuta ana zaidi ya mwaka mmoja, ilhali kaka yake katika umri huo, nao ni juzi tu, alikuwa anatembea kifua wazi. Unaona basi kwamba zile nguo unazozitunza kwa uangalifu kuliko zote, kwa kuwa ndizo zilizogharimu, ndizo ambazo mwanao wa pili hatazivaa. Mtafute jirani au mwenzako wa kazini ambaye mtoto wake amezaliwa miezi ya mwisho wa mwaka jana, umpe masweta hayo kabla Juni haijafika, na umwombe kwa ajili ya mwanao yale madogo ambayo watoto wakubwa wa nyumbani kwake wameyaacha. Watu wengi hufurahia kubadilishana kwa namna hiyo kuliko kupewa tu.

Kuhusu vipimo, usiziamini sana namba zilizoandikwa kwenye lebo, hasa za mitumba, kwa kuwa kila nchi ina desturi yake. Nguo nyingi zinazotoka Ulaya bara huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita, na namba hupanda kwa sita sita: 56, 62, 68, 74, 80, 86, 92. Zile za Uingereza huandikwa miezi. Za Marekani huandikwa miezi pia, kisha mtoto akianza kutembea namba hufuatwa na herufi T. Nimewahi kusikia mteja akibishana na muuza mitumba kwamba 74 ni miezi, na mwenye mali naye hakuwa na jibu. Zaidi ya hayo, pamba husinyaa ikifuliwa, na nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtoto mmoja imepungua kiasi fulani kutoka kwenye kile lebo inachodai. Chukua futi kamba niliyokupa, upime kutoka begani hadi panapofungwa nepi, kisha uzilaze nguo moja juu ya nyingine. Zinazolingana ndizo za fungu moja, lebo iseme inavyotaka.

Kabla ya kuhifadhi chochote, kifue, hata kama unakiona safi. Doa la maziwa halionekani likiwa bichi, lakini mafuta na protini vilivyobaki kwenye uzi hugeuka manjano kadiri miezi inavyopita, na mtu akifungua sanduku hudhani nguo imemwagikiwa chai. Loweka kwanza kwenye maji baridi, maana maji ya moto hulipika doa likashika, ndipo ufue kwa sabuni ya mche na kusuuza mara kadhaa mpaka maji yasiteleze mkononi. Nyeupe zenye manjano ya nepi zianike zikiwa zimeloa juani kabisa, kwa kuwa jua hulifuta doa hilo vizuri zaidi kuliko dawa ya klorini, ambayo huila lastiki na kuifanya ikatike kwa kuvutwa mara moja. Usitie wanga. Wanga ni chakula cha mende, nao mende hawajui kula wanga wakaacha kitambaa.

Kukauka ndiko watu wanakokosea zaidi. Kitambaa cha fulana hukauka upesi, lakini mshono mnene wa shingoni na mahali palipopitishwa lastiki kiunoni hubaki na unyevu kwa saa kadhaa baada ya hapo, na unyevu huo ukifungiwa ndani huzaa vidoadoa vyeusi vya ukungu visivyotoka tena. Sisi mafundi tuna njia yetu: tunaushika ule mshono mnene na kuugusisha shavuni. Ukihisi ubaridi, nguo haijakauka, hata kama mkono unakuambia imekauka. Baada ya hapo piga pasi pande zote mbili, kwa sababu yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto, lakini joto la pasi huwaua. Nguo iliyopigwa pasi usiikunje hapohapo. Iache ipoe mpaka kesho yake, kwani mvuke unaobaki ndani yake ni unyevu uleule uliokuwa ukiukimbia.

Mifuko ya salfeti ni mizuri kwa mkaa na mahindi. Kwa nguo haifai, kwa kuwa imefumwa kwa matundu yanayopitisha vumbi, na panya huitoboa kwa usiku mmoja. Hapa Tanga adui yetu mkubwa ni unyevu, ndiyo maana mama yako kila masika yakiisha huyatoa masanduku yote nje. Huko Dodoma unyevu ni wa msimu mfupi, lakini vumbi na mchwa havina likizo. Nimelitengeneza upya tranka lako la shule, nimelisugua kutu kwenye pembe za chini na kulipaka rangi, na harufu yake imekwisha kutoka. Liweke juu ya matofali manne, mbali kidogo na ukuta, ili mchwa akipanda uione njia yake mapema. Usilipandishe darini. Joto la chini ya bati huua lastiki na kuzifanya chapa za mpira zilizo kifuani mwa fulana zigandane. Ndani litandike shuka kuukuu, wala si gazeti, kwa sababu wino wa gazeti huhamia kwenye nguo nyeupe.

Sasa linalonifurahisha mimi. Kila fungu la kipimo kimoja litie kwenye foronya yake, na foronya hizo uzisimamishe ndani ya tranka ubavu kwa ubavu, kama madaftari kwenye rafu, badala ya kuzirundika. Ukiihitaji moja utaichomoa peke yake, zingine zisijue kama umepita. Foronya hupitisha hewa, na kila nyumba ina zile zilizobaki bila mito yake. Juu ya kila moja funga kipande cha kadi, na usiandike tu ukubwa, andika na mwezi wa kutoka. Zile za 56 na 62 zitoke Aprili zifuliwe upya. Za 68 zitoke Julai. Za 74 mwanzoni mwa Oktoba. Za 80 Januari. Nimeirudisha kila moja nyuma mwezi mmoja kwa makusudi, maana mtoto hakusubiri wewe upate nafasi ya kufua. Najua wapo wazee, na mama mkwe wako huenda ni mmoja wao, wasiopenda nguo zitolewe kabla mtoto hajazaliwa. Waheshimu. Fua mapema, zirudishe kwenye foronya yake, na siku ikifika mtu yeyote aliye nyumbani ataisoma kadi na kukuletea hospitali pamoja na khanga zako.

Kuna jambo moja ambalo siliachi kwa hiari yako. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyouzwa kufukuza nondo na mende visikaribie tranka hili kabisa. Vidonge hivyo huyeyuka kuwa hewa na kuingia katika nyuzi, na kutoka hapo humwingia mtoto kwa pumzi na kwa ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta huipokea kwa urahisi zaidi. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, yaani kitu cha mwilini kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyoenea zaidi katika nchi zenye malaria kama yetu na inayowapata zaidi wavulana, na kwao nafthalini huvunjavunja chembe nyekundu za damu, mtoto akageuka manjano ghafla, na umanjano huo ukizidi unaweza kudhuru ubongo. Kwa macho humjui mwenye upungufu huo. Ikiwa kuna nguo utakayopewa yenye harufu ile, usimvalishe mtoto mchanga. Nondo mwenyewe hutafuta sufu na manyoya. Nguo ya pamba iliyo safi haina anachokitaka. Mama yako, anayesoma begani mwangu, anasema uziweke karafuu kama yeye. Mimi sina ugomvi na karafuu, ila zifungwe kwenye kitambaa zisiguse nguo, kwa sababu mafuta yake huacha doa. Ubani na udi vibaki vya nguo zako.

Nguo za mtoto zinazotoka kwa wifi yako nimezikumbuka pia. Ndugu wengi wamenuniana kwa sababu ya gauni dogo ambalo mmoja alidhani amepewa na mwingine alidhani ameazimisha, na hakuna aliyeuliza siku ya kwanza. Uliza siku ya kupokea, kwa maneno mazuri lakini wazi, kisha nguo ya kuazima uitie alama: mishono miwili ya uzi mwekundu kwa ndani, kwenye mshono wa ubavuni, mahali ambapo haimkwaruzi mtoto na hufumuliwa kwa pini bila kuacha tundu. Akiwa na mtoto mwingine, utazichagua zake kwa dakika chache, tena zikiwa zimefuliwa. Iliyochanika ukiwa nayo wewe, nitumie niitie kiraka kabla hajaiona.

Viatu usivihifadhi, vimekwisha kufuata mguu wa aliyevivaa. Nguo zenye kamba za shingoni zing'olewe kamba hizo, na vifungo vilivyolegea ama uvikaze ama uvitoe. Kanzu ya Idd ya mkubwa ihifadhi peke yake, kwa kuwa sikukuu husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka na huwezi kujua mdogo ataifikia akiwa na kimo gani. Nimeiacha na upindo mpana, itashushwa.

Tranka litakuja na basi wiki ijayo, likiwa na foronya sita ndani, kadi zake, na uzi mwekundu. Mwambie mkwe wangu alipokee stendi, wewe usilibebe. Naomba unijibu kabla mwezi haujaisha kama umempata wa kubadilishana naye masweta, maana kama hujampata nitashona mwenyewe vijikoti vya flana vyenye bitana, na ni lazima nijue ninunue mita ngapi.

Ni mimi,
Baba yako