Kwa wastaafu wenzangu wenye magari: kabla hamjakata bima ya mwaka huu

Wazee wenzangu wa Morogoro,

Walionizidi umri, shikamooni. Wengine wote, habari za tangu kikao.

Siku ile mzee mmoja alisema kwamba tangu astaafu anakata bima ndogo tu, kwa kuwa siku hizi haendi mbali, na nikaona vichwa vingi vikiitikia. Nilinyamaza kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, lakini jambo lenyewe limeninyima raha, kwa hiyo naandika.

Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inatudai sote. Inalipa madhara uliyomfanyia mwenzako barabarani: majeraha, kifo, na mali yake hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako mwenyewe hailigusi. Kwa miaka mingi gari dogo la binafsi limekuwa likilipiwa shilingi 118,000, yaani 100,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, na kwa mwenye pensheni bei hiyo inavutia. Bima kubwa, ile inayolipa na hasara ya gari lako mwenyewe, hupigwa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5 kwa magari ya binafsi, halafu VAT juu yake. Gari la milioni 18 linafika shilingi 743,400. Naelewa kabisa kwa nini mtu anashtuka.

Lakini jiulizeni gari hilo lilinunuliwa kwa fedha gani. Wengi wetu tulilitoa kwenye kiinua mgongo, na kiinua mgongo hakitoki mara mbili. Kijana wa miaka 35 akigonga gari lake likafa, ana miaka 25 ya mshahara mbele yake. Mimi nina miaka 71. Likiungua leo pale Msamvu, silinunui tena, na siku ya kwenda kliniki nitakuwa nikisubiri bodaboda mvuani. Kwa hiyo swali la kwanza si bima ipi ni nafuu. Ni hili: nikilikosa gari hili kesho, nina fedha ya kununua lingine bila kuuza kiwanja? Kama unazo, au kama gari lenyewe limechakaa na halizidi milioni nne au tano, bima ndogo inakutosha, usisumbuke. Kama huna, na gari bado lina thamani, basi punguza kitu kingine.

Hilo la kutokwenda mbali halinishawishi. Sokoni na kanisani ndiko kwenye bajaji zinazochomoka bila kuangalia. Tena sisi hawa hawa, msiba ukitokea Iringa, tunawasha gari usiku na kukatiza Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za swala na nyati kando ya lami. Ukimgonga mnyama pale, faini ni yako, na kama una bima ndogo, rejeta na kioo ni vyako pia.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Miaka michache iliyopita nilikata bima kubwa, wakala akanishauri tuandike thamani ya chini ili nilipe kidogo. Gari lilikuwa la milioni 18, tukaandika milioni 9. Nilifundisha hisabati miaka 32, na siku ile nilipiga hesabu moja tu, ya ninachookoa: shilingi 371,700. Miezi saba baadaye lori likanibana Dumila nikaingia mtaroni. Matengenezo milioni 4. Kampuni ikaniambia: mama, ulilikatia gari lako bima ya nusu, nasi tunalipa nusu ya hasara. Milioni 2. Kisha wakakata na eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe. Nilipekua mkataba, na kifungu kilikuwamo, kimeandikwa wazi. Sikuwa nimekisoma.

Kwa hiyo andikeni thamani ya kweli, ile ambayo gari lingeuzwa leo. Kuzidisha nako hakusaidii, maana likipotea utalipwa bei ya soko tu, huku umelipia ziada bure. Na kila mwaka wekeni thamani upya, kwa sababu gari linashuka bei. Msinakili tu karatasi ya mwaka jana.

Lingine ni dereva. Gari la mstaafu haliendeshwi na mstaafu peke yake. Mjukuu analichukua Jumamosi, kijana wa jirani anatupeleka hospitali macho yakiwa yametiwa dawa. Ulizeni mkataba unaruhusu nani aendeshe, na kama eksesi inapanda kwa dereva mwenye umri mdogo au leseni mpya. Leseni zenu pia zitazameni tarehe. Anayeendesha na leseni iliyokwisha muda anaipa kampuni sababu ya kukataa dai. Na yule anayebeba majirani kwa malipo ili apate ya mafuta, bima ya gari binafsi haimlindi katika safari hiyo.

Kuhusu afya, naomba tusione haya. Fomu nyingi huuliza kama dereva ana maradhi au kasoro ya macho. Mwenye sukari, mwenye mtoto wa jicho, aandike. Ukificha, utalipa kila mwaka kwa bima ambayo siku ya ajali inaweza kukataliwa. Na kama daktari amekwambia usiendeshe usiku, msikilize yeye kwanza, kabla ya mtu wa bima.

Mafuriko yaulizeni kwa jina lake. Sisi wa Morogoro tunajua maji yanavyoshuka kutoka Uluguru, msichukulie tu kwamba bima kubwa inayabeba. Anayevuka Holili au Namanga kwenda kwa watoto Kenya, akate kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari likiwa nchi jirani, kabla ya kuondoka.

Mkishalipa, hakikini namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, siku hiyo hiyo, mjukuu mwenye simu atawasaidia. Stika za bandia zimewaponza watu. Na kampuni ikikukatalia dai bila sababu unayoielewa, omba jibu la maandishi, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Kikao kijacho njooni na kadi ya gari na mkataba wenu wa sasa, hata kama umekunjwa vipi. Nitakuja na kikokotoo na miwani ya ziada, nasi tutausoma mmoja mmoja, kuanzia kile kifungu cha thamani.

Mwalimu mstaafu, Kihonda