Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu ya Mazoezi ya Askari

Afande Mlezi, maafande, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Jogingi ya Jumamosi imeendelea, bonanza tumecheza mara 2, misiba tumehudhuria. Nije kwenye jambo lililowaleta wengi leo, yaani mbuzi wa pati ya Desemba.

Ni kweli pati ya Desemba haikufanyika. Ni kweli pia wazo la kutumia fedha zake kwa vipimo na mazoezi lilikuwa langu, na kamati ikalipitisha, ingawa wapo wajumbe wanaosema siku hiyo walikuwa safari. Katika shilingi 1,200,000 za pati tulinunua mashine 2 za kupimia presha, mizani na futi kamba, tukamlipa mwalimu wa mazoezi miezi 6. Jumla 925,000. Salio 275,000 lipo benki, halipo mfukoni mwangu kama ilivyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp saa 8 usiku na mtu aliyekuwa zamu, ambaye alipaswa kuwa anaangalia mahabusu.

Siku ya kwanza ya kupima walijitokeza 31. Waliofika 140 kwa 90 au kupita, yaani presha ya juu, walikuwa 12, wote tukawaelekeza zahanati wakarudie vipimo. Dereva mmoja wa doria alisoma 188 kwa 112. Akasema mashine mbovu. Tukamfunga ya pili, ikasoma 190. Akavua kofia, akaomba maji, hakusema tena. Leo anameza dawa na amekaa humu ndani. Anayetaka kunilaumu kwa mbuzi aanze kwa kuongea naye.

Tulipotoka depo, chuo cha polisi Moshi, nani alikuwa na kitambi? Kazi ndiyo imetufikisha hapa. Unakaa kaunta kwa muda wa saa 12, ikifika saa 9 usiku chipsi mayai, na kopo la kinywaji cha nguvu ili macho yasifumbe. Halafu redio inaita, unanyanyuka kitini kumkimbiza kibaka, misuli baridi, moyo haujajiandaa. Wenzetu wa trafiki hawakai, ila miguu inawavimba kwa kusimama.

Kuhusu vipimo kubandikwa ubaoni: sikubandika jina la mtu, nilibandika namba. Kwamba namba 7 kila mtu alimtambua kwa kiuno cha sentimita 118 si kosa langu. Hata hivyo, karatasi nimeitoa.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko 64, Jumamosi tunakimbia 14. Mvua ikinyesha tunabaki mimi na katibu, na katibu nyumba yake imepakana na uwanja. Anayetoka lindo la usiku namwelewa, akalale, maana usingizi nao ni afya. Nisiyemwelewa ni aliye ofu, anayetupungia mkono dirishani na mswaki mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Hata kutembea haraka kutoka laini, kwenye nyumba zetu za askari, hadi kituoni kunahesabika, lakini sisi ni bodaboda, tena kwa mkopo.

Ada ni 5,000 kwa mwezi, bei ya soda chache tu. Waliolipa mwaka mzima ni 19. Tunadai 1,870,000, na wadaiwa wakubwa ndio waliouliza pati kwa sauti kubwa kuliko wote. Majina sitayataja, nimeshajifunza kwa ubao. Mweka hazina anayo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata jezi mpya, kuongeza siku ya mazoezi kwa wanaofanya zamu za usiku, na kumwomba Afande Mlezi atuangalizie chumba cha vyuma vya kunyanyulia. Pati nayo tutaitazama, kutegemea ada.

Mizani iko mlangoni, mjipime mkitoka. Futi kamba haionekani tangu Machi. Aliyeichukua airudishe kwa katibu, hataulizwa.