Barua kwa mwanangu kwotabeki: miguu inapokimbia kabla ya macho kuona

Laramie, Wyoming
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeegesha lori hapa Laramie, kwa kuwa upepo na theluji vimesababisha barabara kuu ya I-80 ifungwe kuelekea magharibi, na hakuna anayejua itafunguliwa saa ngapi. Jana uliponipigia simu uliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu huku nikiendesha: je, ufuate anavyokuelekeza kocha, au ufuate machale yako, ambayo unasema ndiyo yaliyokufanya uchaguliwe kuwa kwotabeki, mrusha pasi na kiongozi wa mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili? Nilikuahidi kwamba nitalifikiria. Nimelifikiria, na nimeitazama video ya mechi ya Ijumaa mara tatu, nikiirudisha nyuma kila unapopokea mpira, kwa hiyo uuvumilie urefu wa barua hii.

Nikiri kwanza kwamba mimi si mtaalamu. Nilikulia mahali ambapo mpira wa miguu huchezwa kwa miguu, na katika msimu wangu wa kwanza jukwaani nilikuwa nikisimama kushangilia wakati usiostahili, mama yako akinivuta shati nikae. Lakini kuhesabu najua. Siku ya Ijumaa uliondoka nyuma ya ukuta wa walinzi wako mara 14 kwenda kutafuta nafasi pembeni. Mara tano palikuwa na mpinzani aliyepenya kweli, na kuondoka kulikuokoa. Mara tisa zilizobaki hapakuwa na mtu karibu nawe: walinzi wamesimama imara, mpokeaji wako wa pili yuko peke yake katikati ya uwanja, nawe umeshageukia kulia na macho umeyainamisha chini. Pasi mbili kati ya tatu zilizonaswa na wapinzani zilitokana na mikimbio hiyo tisa.

Wewe unayaita hayo machale, nami nina shaka na jina hilo. Machale humcheza mtu kwa sababu kuna kitu amekiona au kukisikia, hata kama hawezi kukitaja. Katika mara zile tisa hukuwa umeona kitu. Ulikuwa unakumbuka jinsi ulivyoangushwa mara sita katika mechi ya pili, na mwili wako, ambao una kumbukumbu yake, ukaamua usingoje kuangushwa tena. Huo ni woga, mwanangu, na silisemi neno hilo kwa kukudharau. Kijana wa miaka 16 anayekimbiliwa na mtu mwenye kilo mia moja na ushei, asipoogopa, ningempeleka hospitali.

Woga huo huwapata hata wanaolipwa mamilioni. Oktoba 2019 Sam Darnold, kwotabeki wa New York Jets aliyekuwa na miaka 22, alicheza dhidi ya New England Patriots akiwa amevishwa kinasa sauti, na watazamaji wa televisheni wakamsikia akisema pale kwenye benchi kwamba anaona mizimu. Jets walifungwa 33 kwa 0, na pasi zake nne zilinaswa. Mwaka 2024, akiwa na Minnesota Vikings chini ya kocha Kevin O'Connell, Darnold huyo huyo aliiongoza timu kushinda mechi 14 kati ya 17 za msimu wa kawaida. Mkono haukubadilika. Nadhani kilichobadilika ni kwamba alipata watu waliomfundisha kutazama tena.

Nikueleze jambo ambalo pengine sijawahi kukueleza vizuri. Nilipokuwa utingo wa malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, mahali palipotutia hofu kuliko pengine pote ni mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Siku dereva wangu aliponikabidhi usukani kule juu kwa mara ya kwanza, aliniambia maneno machache tu: chagua gia nzito kabla mlima haujaanza kuteremka, na usiuache mguu wako juu ya breki. Kila kilichokuwa ndani yangu kilipinga maneno hayo. Lori linasukumwa na tani za shaba, bonde liko upande mmoja, na mguu unalilia breki. Lakini breki zikikandamizwa muda mrefu mteremkoni hupata moto, huanza kutoa harufu ya kuungua, na mwishowe hazishiki kitu. Nilichokiita silika siku ile kingetuua sote wawili. Niliteremka Kitonga kwa kumtii yeye, nikitetemeka, pengine mara thelathini, kabla mguu wangu haujaanza kukaa wenyewe mahali panapostahili.

Na leo asubuhi, kabla ya kufika hapa, nilihisi trela limeanza kuguswa na upepo kabla sijaona hata jani likitikisika, nikapunguza mwendo bila kujiuliza sababu. Mbele kidogo nikakuta lori lililokuwa na trela tupu limelala ubavu kando ya barabara. Hayo ndiyo ninayoyaita machale, nami niliyalipia kwa miaka zaidi ya ishirini ya kufanya nilichofundishwa.

Wewe pia unayo, ila unayatafuta mahali sipo. Unaikumbuka pasi ya mechi ya tatu, uliyomtupia mpokeaji wako kwenye bega la nyuma kabla hajageuka? Kocha hakuwa ameagiza hivyo. Uliona beki amemtangulia, ukaachia mpira uende mahali ambapo ni mwenzako peke yake angeufikia, na watu wote jukwaani wakasema mtoto huyu kazaliwa na kipaji. Mimi nilinyamaza, kwa sababu najua pasi ile ilizaliwa wapi: ilizaliwa kwenye maegesho ya nyuma ya nyumba yetu, wakati wa kiangazi, ninyi wawili mkiirudia kila jioni hadi jirani akaja kulalamika kuhusu kioo cha gari lake. Pasi hiyo usimwachie mtu yeyote aiondoe mikononi mwako, hata kocha.

Kutoka hapa nilipoegesha, uwanja wa Chuo Kikuu cha Wyoming hauko mbali, na ndiko alikocheza Josh Allen unayembandika ukutani. Unaniambia kila mara kwamba Allen hucheza kwa hisia zake. Ni kweli kwamba Buffalo Bills walimchukua mwaka 2018, akiwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya, kwa sababu ya mkono wake wa ajabu na ujasiri wa kujaribu lolote. Lakini mwaka huo wa kwanza pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8 tu, na zilizonaswa, 12, zilizidi za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho na kuleta pointi, ambazo zilikuwa 10. Wakati ligi ikiwa likizoni alikwenda kwa mwalimu wa kurusha mpira, Jordan Palmer, akakubali kuanza upya katika mambo yanayoonekana ya kitoto: miguu isimame vipi, nyonga ianze kuzunguka lini, mkono ufuate baada ya nini. Msimu wa 2020 alifikisha asilimia 69.2, na kwa msimu wa 2024 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Bado huruka juu ya mabeki kama swala, jambo ambalo hunifumba macho, lakini sasa huruka akiwa amekwisha kutazama kila alichopaswa kukitazama.

Wapo waliokataa kufugwa wakafika mbali, sitakudanganya. Brett Favre alikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1993 pale Green Bay pasi zake 24 zilinaswa, na kocha Mike Holmgren akapambana naye kwa ukali kuhusu kila mpira aliourusha ovyo. Mwaka 1995 zikashuka hadi 13, huku za tachidauni zikiwa 38, na tuzo ya mchezaji bora akaichukua miaka mitatu mfululizo. Hata hivyo kile kitu cha zamani hakikumtoka. Januari 2010, akiwa na Vikings, mechi ya kuwania kuingia Super Bowl, fainali ya ligi, ikiwa 28 kwa 28 na sekunde chache tu zimebaki, alikimbilia kulia akiwa na nafasi ya kusogea mbele yadi kadhaa, kisha akageuza mwili na kurusha kuelekea katikati. Tracy Porter wa New Orleans Saints akaunasa, na Saints wakashinda katika muda wa ziada. Nilikuwa sijaanza kuuelewa mchezo huu wakati huo, lakini nikiitazama pasi ile leo naiona miguu yako.

Kuhusu kocha wako, sitamtetea kwa kila jambo. Kukukaripia mbele ya wenzako hakukukusaidia, na kurekebisha kiwiko, miguu na macho yako katika wiki moja ni kumpa mtu mizigo mitatu na mikono miwili. Makocha nao huharibu vijana. Alex Smith aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2005 alibadilishiwa kocha wa mashambulizi karibu kila mwaka pale San Francisco, kila mmoja akija na lugha yake, na watu wakamwita bure. Alipofika Jim Harbaugh mwaka 2011, timu ilishinda mechi 13 kati ya 16. Kwa hiyo ukiona kocha anakosea, una haki ya kusema. Swali ni wakati gani.

Tazama alivyofanya Patrick Mahomes katika Super Bowl ya Februari 2020. Kansas City Chiefs walikuwa nyuma 20 kwa 10, zimebaki dakika saba na kidogo, nao wanahitaji yadi 15 ili waendelee kuumiliki mpira. Mahomes alikuwa ameona jinsi mabeki wa San Francisco walivyokuwa wakijipanga, akamwuliza kocha wa mashambulizi, Eric Bieniemy, kama kuna muda wa kucheza mpango waliouita Wasp, yaani kama walinzi wataweza kumkinga mpaka Tyreek Hill afike mbali. Wakaucheza, ulileta yadi 44, na Chiefs wakashinda 31 kwa 20. Machale yalikuwa yake, mpango ulikuwa wa makocha, na aliuliza kabla mpira haujaanzishwa. Hata katika ligi yao, ambako tangu 1994 kocha huzungumza ndani ya kofia ya kwotabeki, sauti hiyo hukatwa zinapobaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo. Baada ya hapo yuko peke yake, na si wakati wa kubishana na kocha kichwani.

Ombi langu kwa wiki hii ni dogo. Kesho nenda kwa kocha kabla ya mazoezi, mkiwa wawili tu, umsalimie vizuri, umwombe mshughulikie miguu peke yake mpaka Ijumaa na kiwiko kisubiri. Kisha hatua zako tano za kurudi nyuma baada ya kupokea mpira zikamilike, mtazame mpokeaji wa kwanza, mtazame wa pili, ndipo uondoke ukitaka kuondoka. Ukimwona mpinzani kwa macho yako amepenya, kimbia bila kuomba ruhusa. Ukimhisi tu mgongoni, simama. Pengine utaangushwa mara mbili tatu kwa sababu ya kunisikiliza, na utanikasirikia. Nitakuwa jukwaani, Mungu akijalia, ukanikasirikie ana kwa ana.

Na ile pasi ya bega la nyuma, mwombe kocha aiweke kwenye karatasi ya mipango mnayovaa mkononi. Akikubali, nitumie ujumbe jina atakaloipa. Madereva wenzangu wanaanza kuwasha injini, nadhani barabara inafunguliwa. Msalimie mama yako, na umwambie jirani kioo nitakilipa nikirudi.

Baba yako