Kwa binamu yangu mwenye kibanda cha gemu Arua

Kwako binamu,

Salamu kutoka Kampala. Natumai mama mkubwa anaendelea vizuri na jenereta mpya haijaanza visa. Nakuandikia hadharani badala ya kukutumia sauti kwenye WhatsApp kwa sababu sauti zangu huzisikilizi mpaka mwisho, na kwa sababu wenye vibanda wanaofikiri kama wewe ni wengi.

Ulisema siku ya Krismasi, mbele ya wajomba wote, kwamba gemu ya kumliza mtu haina biashara. "Mtu atoe shilingi 500 zake ili alie? Kulia ni bure." Tulicheka wote, maana ulilisema vizuri. Lakini binamu, wateja wako tayari wanalia. Nimekaa kwenye benchi lako nikaona. Nimemwona mwendesha boda boda, mtu mzima mwenye mke na watoto, amekosa penalti dakika ya 90, akaweka padi ya kuchezea chini taratibu kama yai, akatoka nje akasimama mbele ya muuza rolex, zile chapati za mayai, bila kununua chochote. Yule alikuja kununua kitu zaidi ya mpira. Kibanda chako kinauza hisia tangu siku ulipofungua, ila umejaza rafu kwa aina mbili tu, hasira na majigambo.

Naomba uongeze ya tatu. Nitakueleza gemu moja kwa kirefu, na mwisho wake nitakuharibia kwa makusudi, kwa sababu wewe unaisoma kama mwenye duka.

Inaitwa Brothers: A Tale of Two Sons, ya mwaka 2013. Aliyeiongoza ni Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Sweden akiwa mtoto wakati Lebanon iko vitani, akawa mtengeneza filamu kabla ya kuingia kwenye gemu. Kisa chenyewe ni cha ndugu wawili wanaokwenda mbali kumtafutia dawa baba yao mgonjwa. Mchezaji ni mmoja na padi ni moja, lakini mkono wa kushoto unamwendesha kaka mkubwa, wa kulia unamwendesha mdogo. Mwanzoni ni kichekesho: mkubwa anagonga ukuta, mdogo anazunguka hapohapo kama kuku aliyepotea njia. Baada ya muda mikono inazoea, na unasahau kwamba ni miwili. Mdogo anaogopa maji tangu mama yao alipozama, kwa hiyo penye mto anang'ang'ania mgongo wa kaka yake, na anayeogelea ni mkono wako wa kushoto.

Karibu na mwisho kaka anakufa. Ingekuwa filamu, ungeonyeshwa mazishi. Hapa unazika wewe. Unamburuta mpaka kaburini, unasukuma udongo rundo baada ya rundo, yote kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hauna kazi tena. Mdogo wetu, yule wa shangazi anayesoma huku, aliichezea nyumbani kwangu. Alipofika hapo aliendelea kushika padi kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiwa juu ya stiki isiyomjibu, akikisukuma kidogo kila baada ya muda kana kwamba huenda kitu kikasogea. Kisha ukaja mto. Mtoto yuko peke yake na dawa, baba anamsubiri ng'ambo, na maji ni mengi. Akabonyeza kitufe cha mdogo: anasita, haingii. Akabonyeza tena. Akanigeukia akasema padi imeharibika. Sikumjibu. Akajaribu kila kitufe kwa hasira mpaka akagusa kile cha kaka, cha kushoto, na mtoto akaingia majini akaanza kuogelea.

Uliza yeyote aliyeicheza, atakutajia kitufe hicho. VJ, mtafsiri wa filamu, akikutafsiria kifo cha shujaa kwenye kibanda cha filamu, unasikitika, lakini ulikuwa unatafuna karanga zako; waliomuua wako huko. Kwenye gemu kidole ni chako. Muziki na picha nzuri vinasaidia, sikatai, ila kazi kubwa inafanywa na kidole. Ndiyo maana gemu zinazomuua mbwa dakika ya mwisho na kuweka piano nyuma yake hazinifanyi chochote. Hizo achana nazo.

Sasa biashara. Ndugu hawa wanaongea lugha ya kubuni isiyo ya mtu yeyote duniani. Hakuna Kiingereza cha kufuatilia. Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongomani aliyevuka kutoka Ariwara wote wanaanzia mstari mmoja, na VJ humlipi. Inaisha kwa saa tatu au nne, mchana mmoja tu.

Ila usikimbilie kuweka kila kitu. Kuna This War of Mine, ya 11 bit studios wa Warsaw, ya mwaka 2014. Imechukua mengi kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, 1992 hadi 1996. Humo wewe si askari. Ni raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka. Mchana hamtoki kwa sababu ya walenga shabaha, usiku mmoja wenu anakwenda kutafuta chakula. Iko nyumba ya wazee wawili, mume na mke, wasio na silaha. Unaweza kuwachukulia chakula na dawa zao zote. Hakuna atakayekupiga risasi. Utarudi na mfuko umejaa, halafu yule uliyemtuma ataanza kukosa raha, na wenzake wataanza kulizungumzia. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka kwenye orodha ya usomaji ya wanafunzi wa sekondari, na sishangai. Kwangu mimi inazipita gemu zote za bunduki ulizonazo.

Lakini wateja wako wengine wanatoka kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi. Kijana aliyelala njaa kweli, aliyevuka mpaka usiku kweli, huenda amekuja kwako awe mshambuliaji wa Arsenal kwa dakika kumi na basi. Usimwekee vita kwenye skrini kubwa mbele ya watu arobaini wanaopiga kelele. Wala usimwamulie kwamba hataki. Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, amekulia kambini hapahapa kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu apate dola 300 za kumnunulia laptopu, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alichotengeneza ni Salaam, gemu ya mtu anayekimbia vita na kutafuta maji na chakula. Mwaka 2018 akatuzwa kwenye The Game Awards. Kwa hiyo This War of Mine iweke kwenye kompyuta ile ya pembeni, yenye hedifoni, anayeitaka aiombe.

Ile ya That Dragon, Cancer, ambayo wazazi wa mtoto Joel walitengeneza kuhusu saratani iliyomuua akiwa na miaka mitano, hiyo sikuletei kabisa. Kuna chumba cha hospitali humo, mtoto analia, na chochote unachobonyeza hakimtulizi. Hiyo ni ya mtu peke yake nyumbani, mlango umefungwa.

Tuanze na Brothers. Iweke asubuhi za Jumanne na Jumatano, saa ambazo kibanda hakina mtu na wewe unasinzia kaunta. Toza kwa saa, usitoze kwa mechi, kwa sababu mechi hakuna. Na nakujua: utataka kuwakalisha wawili kwenye padi moja, mmoja ashike kushoto na mwingine kulia, ulipishe mara mbili. Usithubutu. Ukifanya hivyo, pale mtoni hakuna kitakachotokea zaidi ya watu wawili kugombana nani abonyeze.

Diski ninayo. Nitampa dereva wa basi la usiku siku ya Ijumaa, ukaichukue stendi kabla makondakta hawajaigeuza yao. Na zile padi mbili ulizoazima Pasaka, mpe huyohuyo dereva anirudishie.

Wako,
binamu wa Kampala