Kileleni ni karibu zaidi na jua, mbona theluji haiishi?

Wateja wengi wanaokuja kukodi vifaa vya kupanda mlima hugombana na koti zito. Mlima Kilimanjaro uko karibu na ikweta, jua linawaka, koti la nini? Na wapo wanaoongeza hoja: si kule juu ndiko karibu zaidi na jua? Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Ukipanda kilomita sita hujalisogelea hata kidogo.

Hewa haipati joto lake jingi moja kwa moja kutoka kwa jua. Mwanga hupenya hewani bila kuipasha sana mpaka ufike ardhini, na ardhi ikishapata moto ndiyo inayoipasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ikipaa hukuta mgandamizo mdogo, ikatanuka, na katika kutanuka ikapoa. Bonyeza valvu ya tairi lililojaa, weka kidole: upepo unaotoka ni wa baridi, kwa sababu hiyohiyo. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000. Kwa hiyo pwani ikiwa na nyuzi 28, kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, kinaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri, ingawa mlima wenyewe uko nyuzi tatu tu za latitudo kusini mwa ikweta. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliposema mwaka 1848 kwamba ameiona theluji ya mlima huo, wapo wasomi wa Ulaya waliokataa katakata kumwamini.

Ila baridi peke yake haileti theluji; lazima pawe na unyevu wa kuileta. Mlima Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Ajentina, una mita 6,739 na hauna mto hata mmoja wa barafu, kwa kuwa jangwa la Atacama ni kavu mno. Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, yenye mita 5,109, inayo barafu, maana mawingu hayaiachi. Theluji hudumu pale tu inayoanguka kwa mwaka inapolingana na inayopotea au kuizidi.

Ikishakaa, nayo hujilinda. Theluji mpya hurudisha juu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, hivyo jua la saa sita mchana haliipati vizuri. Mwanga unaorudishwa unakupata wewe, na kutokea chini: wapandaji huungua kidevu, hata matundu ya pua, sehemu ambazo kofia haifiki. Macho nayo huvimba na kuwasha kama yametiwa mchanga. Ndiyo maana hatumkodishii mtu koti bila miwani ya giza inayoziba pembeni, hata akisema hapendi miwani.

Jambo moja tunalisema mapema, kabla mtu hajalipa: picha nyingi za matangazo ni za zamani. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912. Tena si yote iliyoyeyuka. Katika hewa kavu ya kule juu, barafu nyingine hugeuka mvuke bila kupitia maji. Anayefuata kilele cheupe pande zote kama cha kalenda anaweza kukuta mawe na majivu ya volkano, na kuta za barafu zimesimama mbalimbali. Theluji mpya ikianguka usiku, mlima hurudi kuwa mweupe, lakini ni koti jembamba, siku chache tu limekwisha.

Kuhusu maji ya kunywa usiku wa kupanda kilele: mrija wa mfuko wa maji huganda kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo beba chupa ya mdomo mpana. Ivishe soksi nene, kisha iweke kichwa chini miguu juu. Maji huanza kuganda upande wa juu, na ukiigeuza, barafu itashika kitakoni, mdomo ubaki wazi.