Barabara za mifereji zinafaa baiskeli

Mhariri,

Wanaodai njia za baiskeli Moshi waangalie kwanza barabara za mifereji ya mpunga, Mabogini na Chekereni. Ni tambarare, na magari ni ya kuhesabu.

Kinachowakwamisha wengi ni upepo wa tairi. Kwa tairi la milimita 40 na mtu wa kilo 70, paundi 40 hadi 45 zinatosha. Ukijaza 60, baiskeli inarukaruka na viganja vinakufa ganzi. Ukipunguza mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Tundu moja dogo ni mwiba: kabla ya kubandika kiraka, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba ukibaki humo utatoboa tena.

Masika msijaribu. Udongo mweusi hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma.

Halmashauri ikitaka kusaidia, iweke nguzo za kuzuia magari, zinazoachana mita 1.2, ya kati iwe ya kufuli, ya kung'olewa, ili trekta lipite wakati wa mavuno. Bajaji itazuilika. Bodaboda atapita tu, tusidanganyane.

Mpanda baiskeli,
Moshi